Safari Aliyoipanga Lubna

Fort Kochi, Kerala
9 Januari 2025

Da Lubna,

Assalaam alaykum. Umesema Baba hataki sauti za simu, masikio yake hayazishiki, anataka barua ya kusomewa mezani kama zamani. Basi hii hapa, nimeiandika kwenye kompyuta ya hosteli ambayo nusu ya herufi zake zimefutika. Mwambie nimefika salama. Mguu mmoja umevimba kwa kukaa kwenye ndege, wa pili mzima, kwa hivyo natembea kama bata.

Nafuata karatasi yako neno kwa neno. Uliandika niombe chumba cha nyuma kwa sababu kina feni mpya. Nimeomba, na feni ni mpya kweli. Mwenye hosteli akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia dada yangu amekaa miaka miwili akiisomea Kerala kama mtu anayesomea mtihani, kisha baba yetu akapata kiharusi wiki tatu kabla ya safari, ikabidi mmoja wetu abaki. Akauliza, "Na aliyebaki ndiye aliyesoma?" Nikaomba ufunguo.

Leo nilikwenda Mattancherry kwenye maghala ya viungo. Pilipili manga na tangawizi zimejaa magunia mpaka darini, nikapiga chafya mpaka mwenye ghala akaniletea maji kabla hajaniuliza jina.

Chumba kina vitanda sita. Jana nikasikia mtu kitanda cha juu anazungumza Kiswahili kwenye simu, Kiswahili cha Kongo, nusu Kifaransa. Nilivyoruka! Ni mama mmoja, anaitwa Kasika, mzaliwa wa Butembo, anaishi Sherbrooke kule Kanada, mpishi wa shule ya watoto. Kuna na Griffins, Mkenya wa Kisumu anayefundisha hesabu Doha, naye Kasika alimwokota kwenye treni. Jumatatu tunapanda basi la Munnar sote watatu.

Mbusu Baba mkono.

Mdogo wako,
Mwanasiti


Columbia Heights, Minnesota
12 Januari 2025

Mwanasiti,

Wa alaykum salaam. Barua nimemsomea Baba. Alicheka kwenye bata. Sehemu ya wenzako wa kuokotana sikumsomea, presha yake bado inapanda na kushuka.

Sisi wazima. Baridi imefika mahali ambapo pua inashikana ukivuta pumzi. Gari lilikataa kuwaka Ijumaa, binamu Abdulswamad akaja kulishtua betri kabla hajaondoka na lori lake. Nimefungua duka saa nne badala ya saa tatu, wateja wawili wa udi wamekwenda kwa jirani. Jioni namfanyisha Baba mazoezi ya mkono wa kushoto, anabinya soksi niliyoijaza mchele. Anachoka, ananitukana, tunaendelea.

Munnar usishuke kituo cha kwanza. Nilikuandikia. Ukishuka cha kwanza unatembea mlima mzima na shanta mgongoni. Na kwenye yale mashamba ya chai nenda asubuhi, kabla ukungu haujapanda. Mimi nimeyaona kwenye picha mara nyingi hata najua kona ipi ina benchi.

Huyo Kasika ana familia? Mtu mzima na mume wake hazururi na watoto wa watu.

Dada yako,
Lubna


Munnar
16 Januari 2025

Da Lubna,

Tulishuka kituo cha kwanza. Griffins alisinzia na karatasi yako mkononi.

Usicheke, au cheka. Tulipanda ule mlima tukiimba, kandambili ya Griffins ikakatika, akavaa mfuko wa plastiki mguuni mpaka juu. Benchi lako nimeliona. Nimelikalia. Nimekupigia picha, ila picha haionyeshi harufu.

Sehemu hii usimsomee Baba: nilishikwa na homa siku mbili. Sasa nimepona. Kasika hakuniacha. Alinikanda kwa maji ya uvuguvugu, akanipikia uji wa mchele kwenye jiko la mwenye nyumba, akagombana na mfamasia kwa Kifaransa mpaka yule bwana akampa dawa. Anasema katikati ya homa nilikuita. "Lubna! Lubna!" Naye akaitika, "Abee, niko hapa," nikatulia nikalala.

Hana mume. Ana miaka arobaini na moja na anacheka kwa mwili mzima. Sijui nielezeje, ni kama nimepata dada wa pili.

Wako,
Mwanasiti


Columbia Heights
17 Januari 2025

Mwanasiti,

Nashukuru Mungu umepona.

Mama alipofariki ulikuwa na miaka minane na mimi kumi na mitano. Tangu siku hiyo ukiita Lubna, anaitika Lubna. Miaka ishirini na moja. Mwambie mwenzako jina langu asilitumie.

Baba anakula vizuri.

Lubna


Madurai, Tamil Nadu
22 Januari 2025

Da Lubna,

Barua yako niliisoma mara tatu, nikaamua umeiandika na usingizi. Hakuna aliyechukua nafasi yako. Tusigombane kwa jambo la homa.

Nina mawili ya kukuambia, na nakuomba uyasome umekaa.

La kwanza, karatasi yako tumeiacha. Ilikuwa turudi Kochi tupande mashua za Alappuzha, lakini Kasika ana safari yake ya Velankanni, pwani ya mashariki, kwenye kanisa la Bikira Maria. Mama yake alikufa tarehe 25 Januari mwaka juzi. Alikuwa na picha ya kanisa hilo ndani ya Biblia, na Kasika alimwahidi kitandani kwamba siku kama hiyo atakwenda kumwashia mshumaa. Mwaka jana alikosa viza. Tunataka kumsindikiza, mimi na Griffins, tusimame nje tu, ajue ana watu.

La pili, nimeomba kazini wiki tatu zaidi. Velma, meneja wangu pale duka la dawa, amekubali. Tutashuka mpaka Kanyakumari nchi inapoishia. Najua ni mzigo juu yako. Lakini unasema Baba anaendelea vizuri, na mimi, dada, sijawahi kujisikia hivi. Asubuhi naamka na sijui nitakula nini wala wapi, na siogopi.

Jana tulikaa kwenye ngazi za bwawa la hekalu nikamsimulia Kasika siku Mama alipokufa. Yote. Hata ile ya kanga aliyofunikwa. Wewe na mimi hatujawahi kuizungumza. Nililia mpaka nikasikia wepesi.

Nijibu kwamba umekubali.

Mwanasiti


Columbia Heights
23 Januari 2025

Mwanasiti,

Baba ameanguka tena asubuhi. Hawezi kusema. Daktari ameshauri ndugu wakusanyike. Usipige simu, wodini haziruhusiwi. Rudi.

Lubna


Madurai
24 Januari 2025

Nimekupigia mara kumi na moja. Abdulswamad yuko njiani Dakota, hajui lolote. Basi la Kochi linaondoka sasa hivi, ndege kesho mchana. Mwambie Baba aningoje. Msomee sikioni, Da Lubna, mwambie aningoje.

M.


Hopkins, Minnesota
2 Februari 2025

Lubna,

Niko kwa Rahab, tuliyesoma naye. Usije.

Nimekuwa nikitafuta neno la kuanzia wiki nzima. Acha nikueleze tu nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa dukani.

Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu. Njiani kutoka uwanjani nilikuwa nimeshasoma Yasini, maana ulikuwa hupokei simu na mimi nikaelewa kwamba amekwisha. Baba alikuwa sebuleni anamenya chungwa. Kwa mkono wa kushoto, Lubna, mkono ambao mwezi uliopita ulikuwa haushiki kijiko. Akanitazama na shanta langu mgongoni akasema, "Mbona mapema? Au wali wao mkali?" Nikakaa sakafuni nikamshika miguu. Akafikiri nimefiwa na mtu huko.

Sasa nikueleze usichokijua. Kasika alikuwa amebakiza saa mbili apande basi la Velankanni. Mimi nilikuwa nimekaa chini kituoni Madurai, siwezi hata kufunga kamba za viatu. Griffins akasema atanisindikiza yeye. Kasika akakataa, akasema mtoto wa kike akifiwa anashikwa na mwanamke. Nikamwambia, na Mama yako je? Akasema, "Wangu amekwisha kufa, atangoja. Baba yako angali hai." Akapanda basi la kuelekea upande mwengine kabisa. Kwa muda wa saa tisa alinishika mkono. Tarehe 25 Januari, badala ya kanisani, alikuwa amesimama nje ya uwanja wa ndege wa Kochi ananipungia.

Hilo ndilo ulilolifanya. Mimi ni ndugu yako, yangu tutayamaliza au hatutayamaliza. Lakini yule mama wa watu alikukosea nini?

Mwanasiti


Columbia Heights
5 Februari 2025

Mwanasiti,

Sitajitetea. Nitakwambia tu ilivyokuwa, na ukiichana barua hii nitaelewa.

Siku ile jikoni nilikwambia, "Nenda wewe, mimi nitabaki na Baba." Nilikuwa nataka useme huendi bila mimi. Ukasema, "Kweli?" na kabla sijafungua mdomo ulishakwenda kulitoa shanta kabatini. Nilisimama pale na mwiko. Nikajifundisha kutabasamu. Kisha zikaanza kuja barua zako, mimi nazisoma kwa sauti, Baba anacheka, na kila mji niliouchagua mimi unaingia ndani yake na watu wengine. Benchi langu. Halafu unamsimulia mtu wa wiki mbili habari ya kanga ya Mama, wakati mimi ndiye niliyeikunja.

Nilipoandika kwamba Baba ameanguka, yeye alikuwa chumba cha pili anasikiliza habari za redio. Nilituma kabla sijapumua. Na nitakwambia jambo baya zaidi. Nilipoona jibu lako, sikuogopa. Nilifurahi. Nilisema moyoni: amemwacha Kasika. Furaha hiyo ilikaa mpaka mlangoni kwa jirani niliyekwenda kumwazima sukari, ikaondoka, na tangu hapo sijaila sukari hiyo.

Jana nimemwambia Baba yote. Alizima redio. Kisha akasema, "Umeniua ili ushinde?" Chai yangu hanywi.

Jioni aliongeza moja tu, na nakuletea kama lilivyotoka: "Mlikaa jikoni mkaamua nani abaki na mzee. Mzee alikuwa hapa sebuleni, anasikia. Mmoja wenu angekuja kuniuliza."

Nipe anwani ya Kasika.

Lubna


Columbia Heights
9 Februari 2025

Bi Kasika,

Hunijui, mimi ndiye Lubna, dada yake Mwanasiti. Baba yetu hakuanguka. Niliandika uwongo kwa sababu nilikuonea wivu wewe, mtu ambaye sijawahi kukuona uso. Ulimuuguza mdogo wangu nikakuchukia kwa hilo. Kwa uwongo wangu umekosa siku ya mama yako, na siku hiyo siwezi kukurudishia.

Mimi pia sina mama. Ndiyo maana najua nilichokuvunjia. Sikuombi uniambie si kitu. Nimeona tu ulisikie kutoka kwangu.

Lubna


Sherbrooke, Québec
14 Februari 2025

Mama Lubna,

Barua yako nilisoma mu bus, nikapita arrêt yangu, kituo ya kushuka. Franchement, nikuambie kweli, nilikasirika. Nikafika ku nyumba, nikapika, nikakasirika tena. Mama yangu alingojea miaka mbili, na wewe ukamuongezea. Siwezi kukuambia si kitu, sababu ni kitu.

Lakini nikuambie na mimi. Kutoka uwanja wa ndege nilirudi. Nilifika Velankanni tarehe makumi mbili na saba, siku mbili nyuma ya siku yake, Griffins ananingojea pale na mishumaa tayari. Kanisa ilikuwa wazi, watu kidogo. Nikamuambia Mama: nisamehe, nimechelewa, kulikuwa mutoto mwenye kulia mu njia. Mama yangu alizaa watoto tisa. Anajua kuchelewa ni nini.

Halafu nikawasha bougie ya pili. Mwanasiti aliniambia jina ya mama yenu, Maimuna. Nikaitaja. Kama kwa dini yenu haifai, mutanisamehe, roho yangu ndjo ilinituma.

Kitu ingine. Wewe ulinionea wivu? Mimi ndjo nilikuonea! Mu Munnar: "Lubna angependa hii." Ku chakula: "Lubna anapika hii muzuri zaidi." Mu bus, Lubna, ku soko, Lubna. Siku moja Griffins akamuambia, "Mupigie huyo Lubna simu, utuache tutembee!" Mimi nilizaliwa wa mwisho, dada zangu wote vita iliwapeleka mbali, hakuna hata mumoja mwenye kugombana juu yangu. Ule siku ya homa nilipoitika jina yako, nilifanya vile sababu nilitaka kujua inasikia namna gani, kuitwa vile.

Sasa unajua.

Kasika


Hopkins
22 Februari 2025

Da Lubna,

Kasika amenitumia nakala ya barua yake, akasema nisikae na hasira ambayo yeye ameshaimaliza. Mimi yangu sijaimaliza. Sitakudanganya.

Lakini na mimi nina langu, na umelisema kabla yangu. Siku ile jikoni niliona mwiko mkononi mwako na niliuona uso wako. Niliuliza "Kweli?" nikakimbilia kabatini makusudi, kwa sababu niliogopa ungejibu. Nilijua. Nilijua na nikapanda ndege, na kila nilipokutaja mbele ya Kasika nilikuwa najaribu kukulipa kwa kukutaja.

Sitarudi kuishi hapo. Nimepata chumba hapa Hopkins, kidogo, kina dirisha la barabarani. Nina miaka ishirini na tisa, dada. Ukiniita nitakuja, lakini nitakuwa natoka kwangu.

Abdulswamad ameniambia amempeleka Baba kwenye kile kituo cha wazee cha mchana, na kwamba Baba amekataa kurudi nyumbani mpaka wamalize mchezo wa dhumna. Ati tayari ana maadui wawili wa Kisomali na anawapenda kuliko sisi. Miezi miwili tumegombania nani akae naye, na mwenyewe alikuwa anataka kutoka.

Ramadhani inaanza wikendi ijayo. Nitakuja kufuturu siku ya kwanza. Sitalala. Tukishakula, Baba akienda kuswali, nataka tukae wewe na mimi na unisimulie habari ya kanga. Mimi nilikuwa mlangoni siku ile, niliona nusu. Ulikuwa ndani.

Mwanasiti


Madurai, Tamil Nadu
11 Novemba 2025

Mwanasiti mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Siku ya tisa leo. Nilikuja peke yangu na upeke haukudumu siku mbili: nimeshikana na Dinah, mwalimu mstaafu wa Mukono, anayetembea na birika lake mwenyewe na hakubali chai ya mtu. Siku ya kwanza tuligombana juu ya kiti cha dirishani, ya pili tukala sahani moja. Sikujua kwamba mtu wa miaka thelathini na saba anaweza kupata rafiki kwa kugombania kiti.

Mji huu unapiga kelele kuanzia alfajiri na sijachoka nao. Nimenunua kitambaa cha kuuza dukani, kizito, utakiona. Miguu inauma. Kuna mama anauza jasmini nje ya hekalu, ananiita jina ambalo si langu, na nimeacha kumsahihisha.

Sasa nikwambie kitu, na usinicheke mbele ya Baba.

Jana nilimpigia simu, nikapaza sauti mpaka akasikia. Akasema tangu uhamie pale kwa wiki hizi nne za safari yangu mnapika mbaazi asubuhi na mnacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Nikamuuliza, "Mnacheka nini?" Akasema, "Mambo yetu." Mambo yetu! Mwanasiti, nilizunguka lile hekalu kubwa mara mbili na sikuona hata sanamu moja. Dinah akaniuliza nani amenikosea. Nikasema mdogo wangu. Akauliza, amefanya nini? Nikasema, anamchekesha baba yetu. Bibi wa watu alicheka mpaka akakaa chini na birika lake.

Nilifikiri ugonjwa huu ni wa mtu aliyebaki. Kumbe hata aliyesafiri unampata, na njia ya kwangu unaijua.

Lakini safari hii hutapata barua ya mistari mitatu. Nitanuna mpaka kesho, kisha tunapanda treni ya Kanyakumari, na huko nitakupigia picha nchi inapoishia, maana hukufika na kosa ni langu. Siku moja utakwenda kusimama pale mwenyewe, na mimi nitabaki na Baba, na utaniuliza kwanza.

Mbusu mkono. Mwambie anywe dawa. Na niandikie mnacheka nini, usiache kitu, hata kama mnanicheka mimi.

Dada yako,
Lubna